Kijiti cha kansa cha kuchulia nyayo: chombo ni kizuri, maneno ya muuzaji yapime

Chombo chenyewe ni kidogo na hakina fumbo. Ni kuba la metali ya India iitwayo kansa (siyo ugonjwa wa saratani), lenye upana wa sentimita 5 hivi, laini kama mgongo wa kijiko, lililopachikwa kwenye mpini wa mbao unaojaa kiganja. Unapaka mafuta mguuni, unashika mpini, unazungusha kuba polepole juu ya unyayo, kifundo na shavu la mguu. Hakina betri wala waya. Kwa mtu anayeshinda amesimama, awe muuguzi, mpishi, kinyozi au mwalimu, ni miongoni mwa vyombo vichache vya kujichua vinavyostahili nafasi nyumbani. Masharti ni matatu: metali iwe kansa kweli, kitumike juu ya mafuta, na kisitarajiwe kutibu ugonjwa.

Kansa ni shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na bati, takriban sehemu 78 za shaba kwa 22 za bati. Bati likizidi kiasi hicho metali huwa ngumu mno na hupasuka. Likipungua sana, inakuwa shaba ya kawaida isiyo na mlio. Mafundi wa Balakati huko Odisha na Sarthebari huko Assam, nchini India, hawaigongi ikiwa baridi, kwa kuwa itavunjika. Huipasha moto mpaka iwe nyekundu, huigonga, huirudisha motoni, tena na tena, mpaka itoke sahani au bakuli. Ndiyo maana kansa ya kufuliwa kwa nyundo haitengenezwi kwa haraka, na ndiyo maana bei yake haiwezi kulingana na ya kitu kilichomiminwa kwenye kalibu.

Mpini wa mbao ni nyongeza ya karibuni. Chombo cha zamani ni bakuli dogo, ambalo Wagujarati huliita vatki: hupaka samli kwenye nyayo, kisha husugua kwa kitako cha bakuli. Familia za Kutch na Gujarat zilizokaa Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Kampala kwa vizazi zinazijua bakuli za kansa vizuri sana. Kwa hiyo kabla ya kuagiza kijiti kutoka mbali, ulizia kwanza kwenye maduka ya vyombo vya Kihindi yaliyo karibu nawe. Bakuli la kansa lenye kitako cha mviringo hufanya kazi ileile. Kasoro yake ni moja: mkono wenye mafuta hulishika kwa shida, na vidole huchoka haraka kuliko unaposhika mpini.

Kinachoelezwa kuhusu marma

Karibu kila kijiti huja na karatasi yenye picha ya mguu uliojaa vitone, na maelezo kwamba hivyo ni vituo vya marma. Hapa inafaa kutulia, kwa sababu matumizi mabaya mengi ya chombo hiki huanzia kwenye karatasi hiyo.

Marma ni neno la Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Sushruta Samhita, kitabu cha kale cha upasuaji cha India, kinahesabu marma 107: 11 katika kila mkono na kila mguu, 26 kifuani, tumboni na mgongoni, na 37 kichwani na shingoni. Ni mahali ambapo nyama, mishipa, kano, mifupa na viungo vinakutana. Kitabu kinazigawa kulingana na dhara linalompata mtu akijeruhiwa hapo: 19 huua papo hapo, 33 huua baada ya muda, 44 huacha ulemavu, 8 huleta maumivu makali, na 3 huua pale kitu kilichochoma kinapong'olewa. Hii ilikuwa ramani ya mpasuaji, imwonyeshe asiguse wapi kwa kisu. Huko Kerala, kusini mwa India, wapiganaji wa kalaripayattu, sanaa ya mapigano ya huko, nao walizijua marma, kwa kupiga na kwa kuganga.

Mtu akishalielewa hilo, hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba marma haibonyezwi kwa nguvu. Inaguswa, inapakwa mafuta, inazungushiwa kwa wepesi. Na hapo ndipo kuba la kansa linapokishinda kile kijiti cha mbao chenye ncha ambacho India hukiita jimmy. Jimmy kilibuniwa kwa ajili ya akupresha, tiba ya kubonyeza vituo vya mwili ambayo asili yake ni Uchina, ila madukani huwekwa rafu moja na vitu vya Ayurveda. Ncha yake hukusanya nguvu yote ya mkono mahali padogo kama punje ya mahindi, na asiyezoea hujiachia alama za damu iliyovilia. Kuba la sentimita 5 haliwezi kuchimba, hata ukikosea kiasi cha nguvu. Kwa mtu anayejichua mwenyewe bila mwalimu, hiyo ni sifa kubwa kuliko zote.

Kununua

Anza na uzito, ila ujue uzito unakwambia nini. Nusu tufe ya kansa isiyo na uwazi, yenye upana wa sentimita 5, hufika gramu 280 hivi bila mpini. Ikiwa kuba ni gamba la unene wa milimita 4, metali yake ni kama gramu 115. Vyote viwili vinafaa: kizito hukufanyia kazi kwa uzito wake, chepesi hakichoshi kifundo cha mkono. Cha kukataa ni kuba linalokaribia uzito wa kifuniko cha chupa, kwa sababu hilo ni gamba jembamba la metali nyingine lililochovywa rangi. Uzito hauwezi kutofautisha kansa na shaba ya njano, ile ya mchanganyiko wa zinki, kwani zinakaribiana sana. Rangi ndiyo inayosaidia zaidi. Shaba ya njano hung'aa manjano kama bomba jipya la maji. Kansa imepauka kidogo, kama dhahabu iliyoingia kijivu.

Mlio ni kipimo kizuri kwa bakuli. Liweke juu ya ncha za vidole, ligonge taratibu kwa kucha au sarafu: kansa hulia kama kengele na mlio hukaa. Kwenye kijiti kipimo hiki hakikusaidii, kwa sababu gundi na mbao huumeza mlio, kwa hiyo usikikatae kijiti kwa kuwa hakilii. Beba pia sumaku ndogo. Ikinasa, ndani kuna chuma.

Muulize muuzaji kuhusu risasi. Metali za kumiminwa za bei rahisi huongezwa risasi ili zijae vizuri kwenye kalibu. Kansa inayofuliwa ikiwa na moto haiwezi kuwa na risasi nyingi, kwa kuwa ingepasuka chini ya nyundo. Vidoa vidogo bapa vya nyundo upande wa ndani wa bakuli ni dalili njema. Kwa kijiti ambacho huwezi kukiona ndani, muuzaji asiyeweza kusema metali yake ni nini mwache na kijiti chake.

Mwisho, kagua pale kuba linapokutana na mpini. Shika kuba kwa mkono mmoja, mpini kwa mwingine, kisha jaribu kuzungusha. Vijiti vingi vimeunganishwa kwa gundi peke yake, na mafuta ya kila siku hupenya hapo. Baada ya miezi, kuba huanza kucheza, kisha siku moja linaanguka sakafuni. Na kansa ikidondokea kigae inaweza kupasuka kama kigae chenyewe. Vile vyenye msumari wa nati uliopita katikati ya mpini hudumu zaidi. Hiki ndicho kipengele cha kulipia pesa ya ziada, kuliko nakshi za mpini.

Mafuta

Bila mafuta, usianze. Kuba juu ya ngozi kavu huvuta vinyweleo na kuacha ngozi ikiwaka. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kinatosha mguu mmoja kuanzia vidole hadi chini ya goti. Ngozi iliyokauka sana hutaka kijiko na nusu.

Ayurveda huyapa kipaumbele mafuta ya ufuta, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki hilo ni jambo jepesi, kwani Lindi na Mtwara ni mikoa ya ufuta. Chukua yaliyokamuliwa kutoka mbegu mbichi, yenye rangi ya majani makavu. Yale meusi ya mbegu zilizokaangwa ni ya jikoni. Harufu yake hukaa kwenye shuka wiki nzima. Mafuta ya nazi, ambayo Kerala huyatumia sana, yanafaa pia, ila huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Arusha na Nairobi utaliona hilo asubuhi ya Julai. Samli huteleza vizuri kuliko yote juu ya kansa, lakini harufu yake haimpendezi kila mtu. Mafuta ya nyonyo ni mazito mno: kuba hunata. Mafuta ya karafuu usiyapake yakiwa matupu, yanachoma. Tone moja ndani ya kijiko kikubwa cha mafuta ya ufuta linatosha. Na dawa za kuchua zenye mentholi ziache kabisa kwa kazi hii, kwa kuwa msuguano huzidisha ukali wake.

Joto dogo hubadilisha mambo. Tia chupa ya mafuta ndani ya bakuli la maji ya moto yanayovumilika kwa mkono, dakika 5. Ukiweza, tia na kuba peke yake humo kwa dakika moja, kisha ulifute. Metali baridi juu ya unyayo hukaza misuli badala ya kuilegeza.

Namna ya kuchua

Kaa kwenye kiti chenye mgongo, tandika taulo la zamani, pandisha mguu wa kulia juu ya paja la kushoto. Paka mafuta kwa mkono kwanza, unyayo mzima, katikati ya vidole, kuzunguka kifundo, hadi chini ya goti. Mkono ndio unaokwambia palipokaza, penye kidonda au penye uvimbe. Kijiti hakiwezi kukwambia.

Shika mpini kama unavyoshika mchi mdogo, siyo kama kalamu. Anza na misogeo mirefu kutoka kisiginoni hadi chini ya vidole, mara 10, ukitumia uzito wa kuba peke yake. Kisha nenda kati ya unyayo, kwenye mstari wa kidole cha kati. Hapo ndipo talahridaya, marma ambayo jina lake lina maana ya moyo wa unyayo. Zungusha duara la ukubwa wa sarafu, mara 15, polepole kiasi kwamba duara moja lichukue sekunde 2 hivi. Ongeza nguvu kidogo kidogo mpaka uhisi nyama inasogea chini ya kuba, ukomee hapo. Kipimo cha nguvu ni pumzi: ukijikuta umeizuia, umezidisha.

Kutoka hapo panda hadi kwenye bonde kati ya kidole gumba na cha pili, kshipra. Mahali hapa ni pembamba, kuba zima haliingii, kwa hiyo lalisha kijiti utumie ukingo wa kuba. Wengi hubonyeza hapa kwa nguvu kwa sababu panauma kwa namna fulani ya utamu. Chini ya ngozi hiyo pana neva na mshipa wa damu juu ya mfupa. Mizunguko 10 myepesi inatosha.

Kifundo cha mguu, gulpha, ni moja ya zile marma 8 za maumivu. Usipite juu ya mfupa wenyewe. Chora namba nane: zunguka jicho la ndani la kifundo, vuka mbele, zunguka jicho la nje, rudi. Mara 10. Hapa ndipo kuba linapoonyesha thamani yake, kwa sababu linafuata mabonde ambayo kidole gumba hukosea.

Shavu la mguu ndilo linalofaidika zaidi kwa watu wa kusimama. Katikati yake ipo indrabasti. Shusha mguu, uegemeze kisigino kwenye kigoda ili msuli ulegee, kisha panda kutoka kifundoni kuelekea goti, misogeo mirefu, mara 15. Panda kwa nguvu, shuka bila nguvu. Ukikuta fundo, simama juu yake sekunde 20 ukizungusha duara dogo, endelea. Usilisage. Fundo lililosagwa leo huuma mara mbili kesho. Upande wa mbele, kwenye muundi, usipitishe metali.

Mguu mmoja huchukua dakika 7 hadi 10. Ukimaliza, futa nyayo kwa taulo mpaka zikauke, hasa kama nyumba yako ina vigae. Unyayo wenye mafuta juu ya kigae ni hatari kubwa kuliko jambo lolote jingine katika zoezi hili, na mzee akianguka hivyo anaweza kuvunjika nyonga.

Wakati mzuri ni kabla ya kulala au kabla ya kuoga. Waandishi wa Ayurveda wanashauri kupaka mafuta kila siku, hasa kichwani, masikioni na miguuni, na wanakataza kwa mtu ambaye chakula hakijasagika tumboni. Kwa vitendo: acha saa 2 zipite baada ya mlo mkubwa.

Ile rangi ya kijivu

Baada ya dakika chache utaona unyayo umeingia kijivu, pengine kijani kidogo. Wauzaji wengi husema hiyo ni sumu au asidi inayotolewa mwilini, na kwamba kadiri mguu unavyokuwa mweusi ndivyo ulivyokuwa mchafu ndani. Si kweli. Ni shaba iliyokutana na mafuta, jasho na chumvi ya ngozi. Jipimie mwenyewe: chukua kitambaa cheupe safi, kidondoshee mafuta uliyotumia, kisugue kwa kuba dakika 2. Kitambaa nacho kitaingia kijivu, na kitambaa hakina sumu ya kutoa. Rangi hutofautiana kwa mtu na mtu kwa sababu jasho hutofautiana, na mafuta yaliyoanza kuchacha huileta haraka zaidi. Inaoshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu kuna watu huendelea kusugua nusu saa wakingoja mguu "usafike". Hautasafika, na ngozi itachubuka. Kile kinacholegeza mguu ni mkono uliotulia, mafuta ya vuguvugu na mkandamizo wa polepole. Metali inachangia ulaini, uzito na umbo, nayo si michango midogo.

Nani asitumie

Mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma kwenye shavu, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kulala kitandani siku nyingi, usiuchue kwa chombo chochote. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na kuichua kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo hawezi kujua amezidisha nguvu wala kwamba metali ina moto. Huyo apakwe mafuta kwa mkono na mtu mwingine, akaguliwe vidonda kila mara, na kijiti kiachwe. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda atumie mkono mwepesi sana au aache, kwa sababu huvilia damu upesi. Mishipa iliyojitokeza kama kamba haipitishiwi kuba juu yake. Penye kidonda, fangasi au mfupa uliovunjika karibuni, hapana. Mjamzito amuulize mkunga wake kwanza. Na yeyote asipeleke kijiti mbele ya shingo, ilipo mishipa mikubwa ya damu inayokwenda kichwani, wala juu ya jicho.

Kwa uso kuna kijiti kingine chenye kuba dogo. Matumizi yake ni tofauti na nguvu yake ni ndogo zaidi. Hapa itoshe kusema kwamba cha miguu hakipandi usoni hata kikiwa kimeoshwa.

Utunzaji

Baada ya kutumia, futa kuba kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye tone la sabuni, kisha kwa kikavu tena. Usikitumbukize kijiti chote majini. Mbao hunywa maji, huvimba, ikikauka hupasuka kwenye maungio, na hapo ndipo kuba linapolegea. Pwani, hewa ya chumvi hufanya kansa iwe nyeusi kwa siku chache tu. Weusi huo hauna neno. Kutu ya kijani ndiyo isiyotakiwa kugusa ngozi. Iondoe kwa kipande cha ndimu chenye chumvi kidogo au kwa ukwaju, sekunde 30, metali peke yake, suuza kwa kitambaa kilicholowa, kausha vizuri. Ukiacha ndimu ikauke juu ya metali, kutu hurudi kesho yake ikiwa nyingi zaidi. Kihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa, siyo bafuni na siyo kwenye plastiki.

Kati ya vijiti vya sokoni, chenye kuba la sentimita 5, mpini wa mbao ngumu usiopakwa vanishi nzito na msumari wa nati ndicho tunachokipendekeza. Vanishi nene huteleza mkono ukiwa na mafuta. Vyenye kuba tatu kwenye mpini mmoja huuzwa ghali na havishiki umbo la mguu. Kuba moja hubonyeza huku mbili zikielea hewani. Zipo pia mashine za umeme zenye sahani ya kansa inayozunguka chini ya unyayo. Zinatuliza, lakini hazifiki kwenye kifundo wala shavu la mguu, na hazijui kusimama zinapokuta fundo. Kama fedha ni kidogo, bakuli la kansa la jikoni, kijiko kimoja cha mafuta ya ufuta na kitambaa cha kufungia kiganja lisiteleze vitakupa sehemu kubwa ya kile kijiti kinachotoa.